Tangazo limetoka wapi? Mwongozo wa kusaka ajira kwa wanachuo wa Arusha na Moshi

Nina steshenari ndogo Njiro, pale vifodi vinaposhusha wanachuo. Asubuhi natoa kopi za notisi, jioni nachapa CV. Maswali ninayoulizwa ni yale yale kila mwaka, wanaobadilika ni waulizaji. "Kaka, hii linki ni ya kweli?" "Kaka, nipunguzie hii PDF, mfumo unaikataa." "Kaka, wewe unaona matangazo mengi, kuna nafasi wapi?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja huku foleni imefika mlangoni, ndiyo maana nimeandika. Ni kwa aliye mwaka wa mwisho au aliyemaliza juzi, yuko Arusha au Moshi, na hana mjomba ofisini.

Wengi wanaokuja kwangu hawajakosa habari. Simu zao zimejaa habari mpaka zinaganda. Shida ni kwamba tangazo limepita mikono mitano kabla ya kuwafikia: limekatwa kichwa, limetiwa chumvi, na tarehe yake pengine ilipita mwezi jana. Karibu kila hatua hapa chini inahusu kulirudisha kwa mwenyewe, kisha kulifanyia kazi.

KABLA YA KUANZA

Kusanya hivi kwanza. Usiseme utavitafuta tangazo likitoka, maana likitoka unakuwa na wiki mbili hivi, na siku tano kati ya hizo zitaliwa na foleni za ofisi za watu.

- Namba ya NIDA. Ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni tarehe yako ya kuzaliwa kuanzia mwaka. Zilinganishe na cheti cha kuzaliwa. Bila namba hii hufungui akaunti ya Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa kuombea kazi za serikali. Kama ulijiandikisha lakini hujui namba, piga *152*00# ufuate menyu.
- Cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita kama ulipita huko, na cha chuo. Nasema vyeti. Karatasi za matokeo haziingii hapa, nitalieleza hilo mbele.
- Nakala za vyeti hivyo zilizogongwa muhuri na wakili, kila kimoja kikiwa na faili lake la PDF.
- Barua pepe yenye jina lako la kawaida. Ya chuo usiitegemee, unaweza kumaliza nayo ikafungwa. Na ile uliyofungua ukiwa kidato cha pili, yenye "mtotowamama" ndani yake, ibaki ya kuangalia mpira.
- Laini moja ya simu isiyozimwa. Wanachuo wana tabia ya kurukia laini yenye bando la bei nafuu. Mwajiri hana habari na bando lako. Anapiga mara mbili, haupatikani, anaenda kwa wa pili kwenye orodha.
- Kaunta buku moja na kalamu.

Kisha weka vyeti vyote mezani usome majina, herufi kwa herufi. Kwenye cha kuzaliwa una majina matatu, cha kidato cha nne kina mawili, NIDA wamekosea herufi moja ya jina la babu. Hilo linaonekana dogo mpaka siku ya usaili. Makosa ya NIDA yanarekebishwa NIDA. Tofauti za vyeti zinahitaji hati ya kisheria ya jina, inayoandaliwa na wakili na kusajiliwa. Anza mapema, ukiwa bado una kitambulisho cha mwanafunzi.

HATUA YA 1. Andika waajiri kabla hujawasha data

Usianze kwa kuandika "nafasi za kazi Arusha" kwenye simu, utaletewa takataka za mji mzima. Anza na daftari. Andika waajiri ishirini unaoweza kuwafikia kwa kifodi au kwa Coaster ya Moshi, na mbele ya kila mmoja andika jinsi anavyotafuta watu. Hapo ndipo kwenye siri, kwa sababu kila sekta ina njia yake.

Utalii: kampuni nyingi za kupeleka wageni mbugani na mlimani hazitangazi nafasi popote. Zinachukua aliyeletwa na mtu, au aliyekuja mwenyewe wakati mzuri. Chama cha kampuni hizo, TATO, makao yake ni Arusha na kina orodha ya wanachama mtandaoni. Hiyo ndiyo ramani yako. Kuhusu wakati: wageni hujaa kuanzia Juni hadi Oktoba, kisha tena kuanzia Desemba hadi Februari. Aprili na Mei masika yanapiga, ofisi zimetulia, na mwenye kampuni anapanga watu wa msimu. Peleka CV yako wakati huo, ya karatasi, mkononi. Ukienda Agosti utaambiwa bosi yuko KIA anapokea wageni, na kweli yuko KIA. Maonesho ya Kilifair ya mwezi Juni yanakusanya kampuni na hoteli uwanja mmoja, lakini pale nenda kuokota majina na kadi. Kuomba kazi kwenye banda lenye mgeni wa Kijerumani anayesubiri kuhudumiwa ni kujiharibia.

Taasisi za serikali kama TANAPA, Ngorongoro, TAWIRI (utafiti wa wanyamapori) hapa Njiro, mamlaka ya afya ya mimea kule Ngaramtoni na halmashauri zote: usizunguke na bahasha. Nafasi zao nyingi hupitia Sekretarieti ya Ajira, kwenye Ajira Portal. Tangazo la halmashauri unaweza kulikuta limebandikwa ubaoni likimtaja Mkurugenzi, ukalisoma mpaka chini ukakuta maombi yanatumwa kwenye mfumo ule ule.

Kilimo na viwanda: mashamba ya maua na mboga upande wa Tengeru na Usa River, TAHA (chama cha wakulima wa maua, mboga na matunda), kituo cha utafiti wa mboga cha Duluti. Upande wa Moshi kuna Bodi ya Kahawa, TaCRI (utafiti wa kahawa) pale Lyamungu na kiwanda cha sukari cha TPC. (TPC iko Arusha Chini, na Arusha Chini iko Moshi. Usicheke, jina hilo limeshapoteza watu nauli.) Waliosoma MoCU, chuo cha ushirika cha Moshi, waandike AMCOS (ushirika wa mazao) na SACCOS (ushirika wa akiba na mikopo) kwa majina, moja moja, hizo hubandika tangazo kwenye mlango wa ofisi na basi. Watu wa afya wanajua njia: KCMC, Mawenzi, Mount Meru.

Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika: majengo yako hapa hapa mjini na matangazo yao ni ya wazi kabisa kwenye tovuti zao, lakini nafasi nyingi zinadai uzoefu wa miaka kadhaa. Wewe angalia nafasi za mafunzo kazini. Nimewachapia vijana maombi ya ukurugenzi. Nilichukua hela yao, lakini niliwaambia.

HATUA YA 2. Chagua vyanzo vichache, vipangie siku

Jumatatu na Alhamisi zinatosha. Siku hizo pitia Ajira Portal, mfumo wa TaESA (wakala wa huduma za ajira wa serikali, wenye pia mpango wa mafunzo ya uzoefu kazini kwa wahitimu), na tovuti za waajiri wako ishirini zile zenye ukurasa wa ajira. Magazeti nenda kuyasoma maktaba, hakuna haja ya kununua. Ukipita halmashauri, benki au hospitali, soma ubao wa matangazo hata kama umeenda kwa shughuli nyingine.

Magrupu ya WhatsApp usiyafute. Yachukulie kama kelele za sokoni: zinakuambia kuna kitu kinatokea, unanyanyuka kwenda kuangalia. Mtu hatoi hela yake kwa kelele.

HATUA YA 3. Rudisha tangazo kwa mwenyewe

Hapa ndipo hela za watu zinapolika. Binti mmoja wa mwaka wa tatu aliniletea simu nimchapie barua. Tangazo lilikuwa hivi:

"NAFASI 350 ZA KAZI kiwanda kipya ARUSHA. Elimu darasa la saba hadi chuo. Mshahara 750,000 na posho. Mwisho wa maombi KESHO saa 6 mchana. Fomu 15,000 tuma namba hii, jina litatokea Meneja. Mtumie na mwenzako, riziki ni kugawana."

Nikamvutia kiti, tukalisoma pamoja. Kiwanda gani? Hakijatajwa. Nafasi 350 za nini? Hakuna cheo hata kimoja. Darasa la saba na mwenye shahada wanalipwa sawasawa, kiwanda gani hicho cha peponi? Kesho saa sita: haraka hiyo imewekwa ili usipate muda wa kuuliza. Halafu elfu kumi na tano. Wakituma watu mia tatu tu, mtu amelala na milioni nne na nusu, na hana hata bati la kiwanda. Tukaingiza ile namba kwenye simu kama tunataka kutuma hela, tukaishia kabla ya namba ya siri ili tuone jina. Halikutokea Meneja wala nini; lilitokea jina la mtu binafsi. Tukaghairi. Alichokilipia ni chai.

Fanya hivi kwa kila tangazo, hata lililotumwa na mwalimu wako:

a) Usibonyeze linki iliyokuja nayo. Tafuta tovuti ya mwajiri mwenyewe, uingie kwa mlango wa mbele. Za serikali huishia na .go.tz. Angalia vizuri maneno yaliyo kabla ya mkwaju wa kwanza. Anwani yenye "ajira-go-tz" katikati halafu ikaishia na .com si ya serikali.

b) Ukilikuta tangazo huko, linganisha namba ya kumbukumbu, cheo na tarehe ya mwisho. Fuata la kwenye tovuti. Mara nyingi la grupuni lina tarehe ya mwaka jana, au limekatwa ukurasa wa pili wenye masharti yote.

c) Kampuni binafsi usiyoijua, tafuta jina lake BRELA, wakala anayesajili kampuni. Kama inajiita ya utalii, uliza TALA, leseni ya biashara ya utalii. Kisha nenda ukaione kwa macho. Arusha si Dar. Nauli ya kifodi na saa moja ya kutembea vinamaliza ubishi.

d) Barua pepe ya Gmail peke yake isikutishe. Kampuni halali nyingi ndogo za hapa mjini zinaitumia. Itakutia shaka pale inapojiita benki au shirika la kimataifa.

e) Wakitaja hela, iwe ya fomu, ya sare, ya "kupima afya kwa daktari wetu" au ya kuharakisha, ishia hapo. Sekretarieti ya Ajira haitozi mtu hela kuomba kazi. Meseji ya tapeli ipeleke 15040.

Mimi sikuzaliwa najua haya. Nilipomaliza chuo pale Moshi nilipigiwa simu niende usaili Arusha, "kampuni ya kimataifa". Nikaazima tai kwa jirani. Kufika, ukumbi wa juu wa nyumba ya wageni, vijana sitini tumekaa kwenye viti vya plastiki, muziki mkubwa, na mtu anayepiga makofi anatuuliza tunataka kuwa matajiri au tunataka kuajiriwa. Ilikuwa biashara ya kuuza vidonge vya lishe, na kuingia ni elfu ishirini. Nilitoa. Vidonge vyenyewe alikunywa mama, akasema havina ladha. Tangu siku hiyo, nikipigiwa simu ya usaili nauliza mambo matatu: jina kamili la kampuni, cheo nilichoomba, na niliomba lini. Mwenye usaili wa kweli hujibu bila kukasirika.

HATUA YA 4. Soma tangazo na kalamu mkononi

Lichape au linakili kwenye daftari. Pigia mstari kila neno la lazima: kiwango cha elimu, fani kwa majina yake, umri, leseni au usajili wa bodi, lugha. Zungushia duara yale ya "itakuwa sifa ya ziada". Ukikosa moja ya mistari, acha. Ukikosa duara, omba.

Kosa ninaloliona zaidi ni mtu kusoma cheo na mshahara akarukia "jinsi ya kutuma". Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yana masharti ya jumla karibu yale yale kila mara, na bado watu wanaangukia humo humo: barua ya maombi haina sahihi, wadhamini hawajafika watatu, na ule mkasa wa karatasi za matokeo. Matokeo ya muda, taarifa ya matokeo, karatasi za matokeo za kidato cha nne na sita, hivyo vyote havikubaliwi. Wanataka cheti. Uliyesoma nje ya nchi, vyeti vyako vihakikiwe kwanza na TCU, NACTVET au NECTA, kutegemea ni cheti cha ngazi gani.

HATUA YA 5. Tafuta watu wanaojua usichokijua

Nadharia nitaweka moja tu. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha alichokikuta kwa watu wa kitongoji kimoja cha Boston waliopata kazi kupitia watu. Waliopashwa habari na mtu wanayeonana naye mara kwa mara hawakufika mmoja kati ya watano. Wengine wote walipashwa na watu wa mbali kidogo, wa kuonana mara mojamoja au kwa nadra. Boston si Arusha, lakini sababu yake naiona hapa dukani kila siku: rafiki zako wa hosteli wako kwenye grupu ulilomo wewe. Wanajua unachokijua.

Basi fungua ukurasa mpya uandike watu wa mbali kidogo. Msimamizi wako wa fildi. Dada wa masijala aliyekuonyesha faili zinavyopangwa. Kaka aliyekutangulia mwaka mmoja na sasa yuko SACCOS Himo. Mwalimu aliyesimamia utafiti wako. Mzee wa kanisani au msikitini aliyestaafu halmashauri. Mlinzi wa ofisi uliyofanyia fildi; usimdharau, yeye ndiye anayeona nani kaacha kazi na tangazo gani limebandikwa leo asubuhi.

Ukiwafikia usiombe kazi. Ukimwomba kazi mtu asiye na kazi ya kukupa, umemtia aibu, na safari ijayo hapokei simu. Omba habari, hiyo anayo na haimgharimu. Nilimsaidia kijana mmoja kuandika ujumbe huu, akaupeleka kwa mama aliyemsimamia fildi Moshi:

"Shikamoo mama. Ni mimi yule mwanafunzi wa fildi wa Julai hadi Septemba, niliyekaa meza ya karibu na dirisha tukahesabu stoo pamoja. Nimemaliza chuo salama. Sikuombi kazi mama, naomba unielekeze tu: kwa mtu wa manunuzi aliyeanza kama mimi, ofisi za Moshi huwa zinatangazia wapi? Na je, kuna kitu nilichokosa nilipokuwa hapo ambacho ningejifunza sasa? Nitashukuru hata kwa jibu fupi. Niko kwa namba hii hii."

Mama alijibu siku ya tatu. Alimtajia ofisi mbili, akamwambia ajisajili bodi ya manunuzi na ugavi, PSPTB, kabla ya yote. Kazi hakumpa, ila hizo ofisi mbili hazikuwa kwenye grupu lolote.

Angalia ule ujumbe unavyofanya kazi: unamkumbusha mama anayemwandikia ni nani, kwa kitu anachokiona machoni, unauliza maswali mawili tu, na unampa ruhusa ya kujibu kwa ufupi. Akijibu, mrudie baada ya wiki mbili umwambie ulichofanya na maelekezo yake. Hapo ndipo wengi wanapopotea, mpaka washikwe tena na shida.

Onyo, na hili nalisema hasa kwa mabinti. Kuna anayekuambia habari, na kuna anayekuuzia. Akikuambia nafasi ipo lakini "tukutane mahali tuongee vizuri", au akataka hela ya kula na wakubwa, hiyo si koneksheni. Rushwa ya ngono ni kosa chini ya sheria ya kuzuia rushwa ya 2007, na simu ya TAKUKURU ni 113, haina gharama. Hifadhi zile meseji, usizifute kwa hasira.

HATUA YA 6. Jaza daftari

Kila ombi mstari mmoja: tarehe, mwajiri, cheo, nimelipata wapi, mwisho lini, nimetuma nini, jibu. Ile safu ya "nimelipata wapi" usiiache wazi. Baada ya miezi miwili itakuonyesha chanzo gani kinakuitia usaili na kipi kinakumalizia bando.

HATUA YA 7. Tuma

Usitume siku ya mwisho. Sifanyi mahubiri, ni umeme. Saa nne usiku ya siku ya mwisho kila mhitimu wa nchi hii yuko ndani ya mfumo ule, unazunguka kama pia, na hapo ndipo TANESCO nao wanapokumbuka Njiro.

Kwenye Ajira Portal jaza wasifu wote kabla ya tangazo kutoka, kisha kila ombi linakuwa kazi ya dakika chache. Mkoa unaoishi uandike wa sasa, kwa sababu usaili wa mchujo siku hizi hufanyika pia mikoani, na mtu aliyeacha "Dodoma" ya enzi za chuo atajikuta anapanda basi la Dodoma.

Kwa barua pepe: kichwa cha habari kiwe na cheo na namba ya kumbukumbu kama ilivyo kwenye tangazo. Ndani andika mistari mitatu ya salamu na maelezo, usitume barua tupu yenye viambatisho kama mzigo uliotelekezwa stendi. Majina ya mafaili yawe na jina lako, si "skani0047". Kabla ya kubonyeza, jitumie mwenyewe, ufungue kwenye simu ya mtu mwingine uone kama inafunguka.

CV iwe kurasa mbili. Fildi yako iandike kama kazi: ulifanya nini, kwa wiki ngapi, kwa idadi gani. "Nilihesabu stoo ya bidhaa 400 nikakuta pengo" inasomwa. "Mchapakazi, mbunifu, naweza kufanya kazi chini ya shinikizo" nimeichapa mara nyingi hadi vidole vinaijua.

HATUA YA 8. Ukiitwa

Rudi kwenye chimbuko tena. Soma tovuti ya mwajiri, taarifa ya mwaka kama ipo, na lile tangazo lako lenye mistari na maduara. Kila mstari uliopigia ni swali linalokuja. Mpigie yule mtu wa hatua ya 5 umuulize usaili wa pale huwa wa kuandika au wa kuongea.

Kwa usaili wa serikali beba vyeti halisi vyote kuanzia cha kuzaliwa, pamoja na kitambulisho. Andika namba yako ya usaili kwenye daftari. Nauli, chakula na pa kulala ni juu yako, weka akiba mapema.

UKIKWAMA

"Mfumo unakataa faili langu." Ni kubwa mno, au ni picha uliyoibadilisha jina tu. Skani upya kwa rangi ya kijivu, dpi 150, uhifadhi kama PDF. Cheti kilichopigwa picha kitandani, shuka la maua likionekana pembeni, usikitume kabisa.

"Cheti cha chuo hakijatoka na tangazo linafunga wiki ijayo." Kwa nafasi za serikali hapo huna ujanja. Peleka nguvu kwa waajiri binafsi na mafunzo kazini, ambao baadhi wanapokea barua ya chuo. Waulize kabla ya kutuma.

"Jina langu halimo kwenye orodha ya walioitwa." Ingia kwenye akaunti yako uangalie ombi limeandikwaje. Usimlipe mtu anayesema atalirudisha.

"Nilifaulu usaili lakini sikupangiwa kituo." Waliofaulu wakazidi nafasi hubaki kwenye kanzidata ya Sekretarieti, na huitwa nafasi ya kada hiyo ikipatikana. Namba yako ya simu iwe ile ile, na uendelee kuomba kwingine.

"Nimeambiwa nianze kazi, mkataba utafuata." Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya kazi, mahali, saa na mshahara. Omba kwa adabu hata kwa barua pepe. Ukiona kila siku ni "kesho", weka kumbukumbu ya siku ulizofanya kazi.

"Nimetuma maombi arobaini, kimya." Fungua daftari. Kama huitwi kabisa, tatizo liko kwenye CV, au unaomba nafasi zisizo zako. Rudi hatua ya 4. Kama unaitwa kisha unaishia kwenye mchujo, tafuta aliyefanya ule mtihani akuambie ulivyokuwa. Kama arobaini yote yametoka kwenye magrupu, ile safu ya "nimelipata wapi" imeshakujibu. Ukishindwa kabisa kuisoma njoo nayo dukani tuiangalie pamoja, lakini njoo asubuhi. Nafungua saa mbili.